Koni: malalamiko ni ya kweli, lakini jirani si adui

Ndugu vijana wa Koni, wa Likasi mjini, wa Kikula, wa Panda na wa Shituru. Na ninyi bandugu mulio Lubumbashi, Kolwezi ao mbali zaidi,

Wiki mbili zilizopita, sauti moja ya dakika tatu ilizunguka mu simu zetu. Mwanaume mmoja anaongea kwa hasira, bila kutaja jina lake: "Bamekuya bengi sana. Kazi bamekamata, soko bamekamata, sasa banataka na manyumba. Bile bilulu, tutabifukuza tena."

Wengine walicheka. Wengine waliituma mbele kwa marafiki. Na kuna jambo linalotuuma, ambalo hatutalificha: mmoja wa wale walioituma mbele ni mtu wetu, memba wa vuguvugu hili, kijana tuliyeandamana naye juu ya maji na juu ya umeme, tuliyelala naye kwenye kashoo ya polisi.

Njo maana tulikutana Koni, Siku ya Posho, kuanzia saa nane mpaka giza likaingia. Tulizungumza, tukagombana, wawili wakatoka nje na mmoja tu akarudi. Haya munayosoma ndiyo tuliyokubaliana kuyasema mbele ya watu wote. Si maneno ya kubembeleza. Tunajua kuna watakaosema tunalinda "bale", na kuna watakaosema tunalinda "hawa". Tunaomba tu musome mpaka mwisho mbele ya kujibu.

Hilo neno si la kuchezea

"Bilulu" maana yake ni wadudu. Kila mtoto wa Katanga anajua. Lakini wengi kati yetu tulizaliwa kisha mwaka 1995, na hatujui lile neno lilifanya nini mu mji huu.

Mwezi wa 8 mwaka 1992, tarehe 15, Mkutano Mkuu wa Taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu. Alikuwa anachukua nafasi ya Nguz Karl-i-Bond, mtoto wa Katanga. Gavana wa provensi, ambayo wakati ule iliitwa Shaba, alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza. Chama chao kilikuwa UFERI, na vijana wa chama waliitwa JUFERI. Mu mikutano ya hadhara watu walisikia kwamba shida yote ya Katanga inatoka kwa Wakasai, na kwamba bilulu lazima viondolewe. Vijana walisikia, vijana wakatenda.

Likasi yetu njo ilikuwa mahali pabaya zaidi mwaka ule. Kuanzia mwezi wa 8 na wa 9, familia zilifukuzwa mu nyumba, nyingine zilichomewa, na makumi ya maelfu ya watu walikimbilia ku gare na mu masomo. Walikaa pale wakingoja treni ya kwenda Kasai. Si siku mbili. Wengine walingoja miezi. Mwaka 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Jumla ya watu waliotoka Katanga ni laki nyingi. Wengi wao Kasai hawakuwahi kuiona. Walizaliwa hapa, wazazi wao walizaliwa hapa, walipelekwa "kwao", mahali ambapo hawakujua hata njia ya kwenda kisimani.

Mama mmoja wa mtaa wetu alikubali kutusimulia, bila jina lake kutajwa. Alikuwa na miaka tisa. Anakumbuka mama yake akipika kandokando ya reli, na mvua ikishuka juu ya chungu. Anakumbuka mdogo wake wa kiume aliyeharisha siku nne, siku ya tano akazikwa. Kisha alituambia jambo lingine: mashini ya kushona ya mama yake ilibaki kwa jirani, mama wa Kisanga. Familia iliporudi Likasi, kisha miaka saba, ile mashini ilikuwa mahali pale pale, imefunikwa kitambaa, imetiwa mafuta. Jirani hakusema kitu. Alisema tu, "Chukua mashini yako, yaya."

Tunataka mushike mambo yote mawili: walikuwako waliobeba moto, na alikuwako aliyetunza mashini.

Wala hili si jambo la Katanga peke yake. Rwanda, mbele ya mwaka 1994 na mwaka ule wenyewe, watu waliitwa "inyenzi", mende. Kenya, mu Bonde la Ufa, majirani wa kabila lingine waliitwa "madoadoa", na kisha uchaguzi wa Desemba 2007 walikufa watu zaidi ya 1 100. Mwaka 2022 tume ya Kenya inayosimamia utangamano wa makabila iliweka neno "madoadoa" mu orodha ya maneno ya chuki. Neno linatangulia. Mtu akishaitwa mdudu, kumkanyaga hakuonekani tena kuwa dhambi. Njo sababu tunakataa kucheka.

Nani aliwaleta, na nani alitugombanisha

Turudi nyuma kidogo, juu kuna uongo unaosema "bale balikuya kutuvamia".

Koni wengi wanaijua juu ya maji yake. Mto Lufira unaporomoka pale, na Union Minière iliutega mara mbili: kwanza Mwadingusha, mwaka 1930, halafu Koni yenyewe, chini kidogo ya mto, karibu na mwaka 1950. Umeme ule haukutengwa kwa ajili ya nyumba za weusi. Ulikuwa wa viwanda: Shituru, Panda, Lubumbashi.

Viwanda vilihitaji mikono, na mikono haikutosha hapa. Tangu mwaka 1910 kulikuwa na ofisi ya kutafuta wafanyakazi, Bourse du Travail du Katanga. Kampuni ilichukua watu Kasai, Lomami, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, hata Rwanda na Burundi. Mwaka 1928 reli ilifika Ilebo, basi Kasai ikawa mlango wazi. Kwa hiyo mkubwa wa yule munayemwita mgeni hakuvamia mtu. Aliandikwa kazi, akapewa namba, akatiwa ndani ya behewa.

Na hapo kampuni ilifanya ubaya ambao lazima tuukubali. Iliwapanga watu kwa makabila kama vile unavyopanga vifaa: hawa wanafaa kwa ofisi, hawa kwa shimo, hawa kwa shamba. Waliopata masomo ya wamisionari mapema, wengi wao wa Kasai, walipewa kalamu. Wazaliwa wa hapa wengi waliona mji unajengwa juu ya udongo wa mababu zao, na wao wenyewe wamebaki pembeni. Hilo halikuwa ndoto. Uchaguzi wa kwanza wa komini ulipofanyika mwezi wa 12 mwaka 1957, kule Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, komini za weusi zote zilipata ba burgumestri ambao si wa asili ya Katanga. Watu walishtuka. Mwaka 1958 chama cha CONAKAT kikazaliwa, na neno "Mukatanga wa kweli" likaingia mu siasa.

Lakini angalieni. Mwaka 1959 chama cha masetla wa Kizungu, Union Katangaise, kiliungana na CONAKAT. Mzungu aliyefika juzi kutoka Ubelgiji akawa rafiki wa "Wakatanga wa kweli", lakini jirani aliyezaliwa Likasi akabaki mgeni. Mwenye shimo, mwenye kiwanda, mwenye maji ya Koni, huyo hakuulizwa "uko mutu wa wapi?" Tunaomba kila kijana akae na jambo hilo kidogo. Tangu wakati ule mpaka leo mchezo ni ule ule: aliye juu anaonyesha kidole upande, na sisi tunafuata kidole.

Walifukuzwa. Tulipata nini?

Hapa njo tunataka kuongea na wewe uliyetuma ile sauti, bila matusi.

Wacha tuseme ulikuwa na haki. Wacha tuseme 1992 na 1993 yalikuwa mambo ya lazima, na kwamba kisha "bale" kuondoka, kazi na utajiri vingerudia kwa wenye inchi. Miaka zaidi ya 30 imepita. Tuhesabu.

Katikati ya miaka ya 1980, Gécamines ilikuwa inatoa karibu tani 470 000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1993 haikufika hata 50 000. Sababu ni nyingi: shimo la Kamoto lililoporomoka mwezi wa 9 mwaka 1990, Mobutu na watu wake walionyonya kampuni mpaka mfupa, uporaji wa 1991. Lakini kufukuza mafundi, walimu na wauguzi hakukuponya hata sababu moja kati ya hizo. Kuliongeza kidonda.

Kisha, mwaka 2003, ulikuja ule mpango ulioitwa "kuondoka kwa hiari". Wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines waliondoka na pesa ya mara moja. Wengi wao walikuwa Wakatanga, wale wale walioambiwa mwaka 1992 kwamba sasa kampuni ni yao. Kati yetu kuna watoto wa hao. Baba alirudi nyumbani na bahasha, akanunua baskeli na mashini ya kusaga, kisha miaka miwili vyote vikaisha, na sisi tukatoka masomoni. Hakuna Mukasai aliyetia saini ile karatasi.

Na wale wakubwa? Wengi wenu hamujui hili. Mwaka 1980, wakati kumpinga Mobutu kulikuwa kifo, wabunge 13 walimwandikia barua ya wazi. Kati ya hao 13 alikuwamo Étienne Tshisekedi. Alikuwamo pia Kyungu wa Kumwanza. Walifungwa pamoja juu ya sababu moja. Mwaka 1991 Nguz na Tshisekedi walikuwa meza moja mu Umoja Mtakatifu wa upinzani, mpaka Mobutu alipompa Nguz kiti cha waziri mkuu mwezi wa 11. Kwa hiyo wale watu hawakuchukiana sababu ya damu. Walijuana vizuri, walikula pamoja. Waligombania kiti, na sisi watoto wa mitaa tukapewa petroli. Mobutu, ambaye wote walikuwa wanampinga, alibaki ku kiti chake mpaka 1997.

"Zamu yetu"

Leo maneno yamegeuka. Upande mmoja tunasikia: "Batu ba raisi banakula byote." Upande mwingine tunasikia: "Sasa ni zamu yetu, bale balikula kumi na nane, na shi tukule."

Haya, tuchunguze hiyo zamu.

Mobutu alitawala miaka 32, na watu wa Équateur waliambiwa ni zamu yao. Nendeni muone Gbadolite: majumba ya kifalme yamebaki kuta na majani. Joseph Kabila alitawala kuanzia mwezi wa 1 mwaka 2001 mpaka mwezi wa 1 mwaka 2019, na sisi Wakatanga tuliambiwa ni zamu yetu. Ni miaka 18. Kijana wa Koni, ulipata nini? Waya za umeme zinapita juu ya kichwa, chini yake watu wanachoma makala. Sasa kuna raisi ambaye familia yake ni ya Kasai, na watu wa Kasai wanaambiwa ni zamu yao. Basi mbona MIBA, kampuni ya almasi ya Mbuji-Mayi, bado iko magofu? Mbona mji mkubwa vile unatafuta umeme na maji, na mvua ikinyesha udongo unameza nyumba? Kama zamu yao ingekuwa ya kweli, yule kijana wa Mwene-Ditu asingepanda juu ya behewa siku nyingi ili akuje kuendesha pikipiki Likasi.

Zamu haikuwahi kuwa ya kabila. Ni ya familia kumi na mbili, na mashemeji wao, na madereva wao. Wengine wote wanapewa jina la kabila wajivunie, kama vile mtu anayepewa mfuko mtupu wa unga.

Hatusemi kwamba malalamiko ya leo ni ya uongo. Tumeyasikia Koni, na mengine ni yetu sisi wenyewe. Ni kweli kuna maofisi ambamo ukiingia unasikia lugha moja tu, kutoka mlinzi mpaka mkubwa. Ni kweli kuna kazi za migodi zinazogawiwa kwa karatasi ya mkubwa fulani na si kwa shahada. Ni kweli vijana wengi wanashuka ku treni bila kazi na bila pa kulala, na mji hauna mpango wowote juu yao. Ni kweli pia kwamba mu shida ya barabarani, ba-wewa wengine wanajikusanya kwa kabila na kupiga mtu bila kuuliza nani ana kosa. Anayesema haya si mkabila. Ukabila unaanza pale unapotoka kwa mkubwa aliyeuza kazi ukaenda kumpiga mama anayeuza nyanya.

Na ninyi bandugu wa asili ya Kasai mulio pamoja nasi, tunawaambia ninyi pia, kwa heshima. Yule anayepita mu mtaa akisema "batazoea tu, raisi ni wetu", anaongeza kuni. Yule anayemfichia makosa mkubwa mwizi kwa sababu majina yanafanana, anamuuza jirani yake. Mulipokaa kimya wakati ule mulipoona kazi inatolewa kwa lugha, kimya kile kilisikika.

Kipimo kisicho na mwisho

Kuna wanaofikiri tukishaondoa "wageni", tutabaki sisi kwa sisi na amani. Historia yetu inasema hapana.

Kisha 1993 tulibaki sisi kwa sisi. Haraka maneno yakawa watu wa kaskazini na watu wa kusini: nani amechukua ugavana, nani amechukua migodi. Mwaka 2015 Katanga ikakatwa vipande vinne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Leo mtu wa Kamina anaitwa mgeni Kolwezi. Mwezi wa 5 mwaka 2022 Askofu mkuu wa Lubumbashi, Fulgence Muteba, alilazimika kuwakusanya Wakatanga wenyewe kwa wenyewe ili wapatane. Kama damu moja ingetosha, kile kikao kingekuwa cha nini?

Na angalieni upande wa taifa. Tangu 2021 kuna sheria ya Noël Tshiani iliyopelekwa bungeni, ikarudishwa tena 2023, inayotaka raisi awe mtu ambaye baba na mama wote ni Wakongomani. Kila mtu alielewa inamtafuta nani: Moïse Katumbi, ambaye baba yake alikuwa Mugiriki wa dini ya Kiyahudi. Wakatanga wengi walikasirika, na walikuwa na haki. Lakini ni namna gani utakataa kipimo cha damu kule Kinshasa, halafu wewe mwenyewe ukitumie hapa mtaani? Kile kipimo ni kimoja. Leo unapima, kesho unapimwa.

Hata hiki Kiswahili tunachoandika hapa hakina kabila. Kilikomaa mu makambi ya kazi, kati ya Mubemba, Muluba, Musanga, Mulunda na Mutetela, watu waliohitaji kuelewana chini ya shimo ili jiwe lisiwaangukie. Mababu zetu hawakungoja kikao cha upatanisho. Walitengeneza lugha. Tukiitumia kuitana wadudu, tunawatukana wao.

Kosa letu wenyewe

Ingekuwa uongo kumaliza bila kusema yaliyotupata sisi.

Tulipochagua mratibu wa kikundi chetu cha Koni, dada mmoja mwenye akili na uvumilivu kuliko wengi wetu alisimama. Mu kikao hakuna aliyesema kitu kibaya. Lakini pembeni, mu simu, lilizunguka swali: "Ule dada ni wa wapi hasa?" Jina la baba yake lilijibu kwa niaba yake. Alipoteza kwa sauti tatu. Hakulalamika. Aliacha tu kuja, na sisi tukasema ana kazi nyingi. Haikuwa kazi nyingi. Tulijua.

Siku ya Posho tulienda kwake, watu watano, na tukamuomba msamaha. Alitupa maji ya kunywa, akatusikiliza, akasema atafikiri. Ni haki yake.

Juu ya yule mwenzetu aliyetuma sauti, wengine walitaka tumfukuze palepale. Tulikataa, kwa sababu kufukuza ni jambo tunalolijua sana mu mji huu, na hatuoni limetufikisha wapi. Tumemsimamisha miezi mitatu. Tumemuomba aende pamoja nasi kwa yule mama wa mashini ya kushona, amsikilize, kisha aandike kwa mkono wake, mu makundi yale yale alikotuma sauti, kwamba alikosa. Mpaka leo hajajibu. Nafasi yake bado iko.

Tunayodai

Katiba ya 2006 iko wazi. Kifungu cha 13 kinakataza kumbagua Mukongomani kwa kabila lake mu masomo, mu kazi ya serikali ao mu jambo lingine lolote. Kifungu cha 30 kinampa kila mtu haki ya kutembea na kukaa popote mu inchi. Kifungu cha 51 kinaifanya serikali iwe na wajibu wa kulinda makabila yakae pamoja kwa amani. Na sheria ya kuazibu ukabila na ubaguzi wa rangi iko tangu tarehe 7 mwezi wa 6 mwaka 1966. Sheria hazikosekani. Wanaokosekana ni wenye kuzifuata. Kwa hiyo tunadai:

1. Parke ya Likasi ifungue uchunguzi juu ya ile sauti, na juu ya kila mwanasiasa anayeita watu wadudu, awe wa upande gani, awe wa lugha gani. Si wadogo peke yao.

2. Meya wa Likasi na ba burgumestri wa komini zote nne waandike ku ukuta wa ofisi, mahali pa kuonekana, pesa waliyopokea ku migodi. Sheria ya migodi, tangu ilipobadilishwa 2018, inagawa malipo ya migodi hivi: asilimia 25 kwa provensi, asilimia 15 kwa komini, sekta na shefferi ambako mgodi unachimbwa. Malori yanashuka Kasumbalesa kila siku. Tunataka kujua asilimia yetu inashuka wapi.

3. Kampuni za migodi na viwanda vya mu mji zitangaze kazi wazi, zitoe majina ya waliochukuliwa na sababu, na zikatae karatasi za wakubwa. Kazi ikitolewa mbele ya macho ya watu, uvumi wa kabila unakosa chakula.

4. SNEL na serikali ya provensi watuambie ni lini umeme wa Lufira utawashwa kwa wanaoishi kando ya Lufira. Mwadingusha imefanywa upya kwa pesa za kampuni ya mgodi, na tangu 2021 umeme wake umeingia mu mtandao kwa ajili ya Kamoa-Kakula. Hatukatai mgodi upate moto. Tunakataa kuwa mlango ambao umeme unapita bila kusalimia.

5. Redio za Likasi zisifungue simu ya hewani kwa matusi ya kabila, na mapadri, wachungaji na maimamu wayaseme haya mbele ya waamini wao, hata kama mwenye kiti cha mbele ni mheshimiwa.

Tunayojiwekea sisi wenyewe

Kudai kwa wengine ni rahisi. Sisi pia tumejifunga.

Sauti ao picha ya chuki ikifika mu simu yako, inakufa pale. Usiitume hata kwa kusema "angalieni huu ubaya". Swali la "uko mutu wa wapi" limekatazwa mu uchaguzi wetu wote. Swali ni umefanya nini. Shida ya barabarani ikitokea, memba wa kwanza kufika anasimama kati ya dereva na kundi, hata kama dereva si wa kwao. Na kila mwezi wa 9 tutaenda kwa miguu ku gare ya Likasi, kimya, wa asili zote, kukumbuka walioketi pale. Mwaka huu njo wa kwanza. Kuja na mzazi wako, ao na mzee wa mtaa anayekumbuka. Kama mzazi wako alikuwa upande wa waliobeba moto, mulete pia. Huyo njo tunahitaji kumsikia zaidi.

Tunajua uchaguzi utarudi, na petroli itarudi pamoja nao. Watakuja na mipira, na ma-tisheti, na bia, na jina la kabila lako watalitamka vizuri kuliko babu yako. Siku ile kumbuka watu wa 1992: waliofukuza na waliofukuzwa, kisha miaka kumi wote walikuwa wanapanga mstari mmoja ku bomba moja lisilo na maji.

Jirani yako ana shida ile ile uliyo nayo. Muulize kwanza. Halafu twende pamoja ku ofisi ya meya.

Sisi vijana wanainchi,
Koni – Likasi